Vitambaa vya Kufungia Wazee

Mimi ndiye niliyekuwa nafunga. Nianze hapo, maana wenzangu niliofanya nao kazi katika hospitali ile ya mpakani, miaka ya vita vya ng'ambo ya ziwa, wakisimulia siku hizi husema "tulifunga", kana kwamba mikono yetu yote ilikuwa kwenye fundo moja. Hapana. Wodi ya wanawake ilikuwa na wauguzi watano, na aliyefunga ni mimi, kwa sababu nilijua kufunga. Fundo langu halikulegea wala halikubana. Vidole viwili vilipita kati ya kitambaa na ngozi, na mgonjwa hakutoka. Hata wodi ya wanaume walikuwa wakituma mtu aje kuniita, nami nilikwenda nikijiona wa maana.

Vitambaa tulivitengeneza wenyewe. Shuka likichakaa mpaka kutoboka, tulilichana vipande virefu vya upana wa kiganja, tukavifua kwa sabuni ya mche na kuvianika kwenye ua wa minyaa nyuma ya jiko, pamoja na bandeji. Aliyepita nje asingejua kipi ni cha kufunga kidonda na kipi ni cha kufunga mtu. Sisi tulijua, kwa sababu vya kufunga watu vilishonwa pindo ili visikate ngozi. Niliyeshona pindo ni mimi pia. Nilishonea kibarazani, ziwa likiwa chini yangu na Bukavu ng'ambo yake, mbele yangu, na bunduki zilipolia huko tuliinua vichwa. Baada ya wiki chache hatukuinua tena.

Kwetu mgonjwa haji hospitali peke yake. Anakuja na murwaza, yaani ndugu wa kumwuguza. Murwaza ndiye anayepika maharage kwenye vibanda vya nyuma, ndiye anayemwogesha mgonjwa na kumgeuza, ndiye anayekimbia kutuita dripu inapokwisha. Wakati wa kulala hutandika mkeka sakafuni kando ya kitanda, na anapojilaza huacha mkono mmoja juu, kwenye godoro, ili mgonjwa akitikisika ajue. Hospitali nzima ilibebwa na watu hao wa sakafuni. Sisi wenye makoti meupe tulipita tu na vidonge.

Sasa, baada ya mauaji yale yaliyotupata, na baada ya watu kukimbilia makambini ng'ambo na kurudi wachache wachache, wakaanza kuletwa wazee wasio na murwaza. Majirani waliwabeba kwa machela, wakawashusha mlangoni, wakaaga, kwa sababu nao walikuwa na mashamba ya kulima na wagonjwa wao nyumbani. Mzee wa namna hiyo akipandwa na homa huchanganyikiwa. Anang'oa dripu, anavua nguo, anataka kwenda kwake, na kwake hakuna nyumba tena. Hapo ndipo mkuu wetu wa wodi alipotoa kanuni yake. Mwenye murwaza hafungwi. Asiye na murwaza anafungwa. Hakuiandika popote. Aliisema mara moja asubuhi, akiwa anatafuta kalamu yake, nasi tukaishika.

Wala hatukuiita kufunga. Tulisema tunamlinda. Na nisiwasingizie wenzangu unafiki, tuliamini hivyo. Tulikuwa tumeshaona mzee akianguka kwenye sementi ile, nyonga ikavunjika, na baada ya hapo ni kungoja tu. Mkuu wa wodi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kamembe, amechoka, miguu imevimba, na mtu akimwuliza habari za vitambaa alijibu kwa swali lake mwenyewe: "Akivunjika, nani atamubeba ku choo? Weye?" Hakuna aliyejitokeza.

Mmoja tu ndiye hakufunga. Alikuwa muuguzi mwanamume, mpole, mrefu, aliyerudi kutoka kambini. Akiambiwa funga, aliweka trei chini akatoka kibarazani kutazama ziwa. Hakubishana wala hakueleza. Tulimwita mvivu. Mimi nilimwita hivyo mbele yake, maana mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, naye akajibu, "Ni kweli, Maman." Siku moja alikunja mikono ya shati ili anawe, nikaona juu ya viwiko vyake mistari miwili ya makovu, mahali kamba inapokaa mtu akifungwa mikono nyuma. Nikampa taulo. Kesho yake nikamwita mvivu tena.

Nataka hilo lieleweke, kwa sababu wajukuu wangu hunitazama kama mtu mwenye huruma. Huruma ilirudi baadaye. Miaka ile nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikula, nilicheka, niliswali, nilisuka nywele za majirani, na ndani hakukuwa na kitu kilichosogea. Mtu akifa nilikunja shuka.

Bibi wa kitanda cha nane aliletwa kutoka Bweyeye. Wanaume wanne walimbeba siku mbili, wakipokezana, kwenye njia ile ya pembeni mwa msitu isiyo na gari. Alikuwa na homa ya mapafu, na uzito wake haukuzidi wa kuku wawili. Wale majirani walisema amebakiwa na binti mmoja, mfanyabiashara upande wa Bukavu, na kwamba wametuma habari lakini daraja la mpakani limefungwa. Wakaweka kikapu chake chini ya kitanda na kuondoka kabla ya mvua. Kiswahili alikijua vizuri, cha Bukavu, alikokaa ujanani mumewe alipokuwa anapakia mizigo kwenye meli.

Asubuhi ya kwanza tulimkuta sakafuni. Dripu ilikuwa imeng'oka na damu kidogo imekauka kwenye sementi. Hakuumia. Asubuhi ya pili sakafuni tena, na mkuu akaandika kitabuni: ameanguka. Asubuhi ya tatu hakuandika, alinitazama tu. Nikaenda kuchukua vitambaa.

Alinitazama nikifunga mkono wa kushoto, halafu wa kulia. Hakupigana. Aliuliza kwa adabu, sauti yake ikiwa ndogo kwa sababu ya kifua:

"Munanifunga miye, na mugonjwa nani atamuangalia?"

"Mugonjwa ni weye, Maman Muzee," nikamwambia.

Akatikisa kichwa akinionea huruma, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Kila nilipomfungua ale na kumfunga tena aliuliza neno lile lile, na kila mara niliwageukia wenzangu nikasema anaropoka.

Kwenye kitanda cha tisa alilazwa mwanamke wa Nyakarenzo, na murwaza wake alikuwa dada yake, mkulima mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyejua habari za wodi kuliko daktari. Siku ya sita hivi alinivuta koti nikipita.

"Maman, huyu muzee haangukaka."

"Tumemukuta chini mara tatu."

"Chini, ndiyo. Lakini haangukaka. Anashukaka ye mwenyewe, pole pole. Kwanza anatandika kitanda, kisha analala chini sawa siye. Nilimuuliza. Anasema mama mukwe wake ndiye mugonjwa, ye anamuchunga."

Nikamwambia aache umbea akaangalie maharage yake yasiungue. Lakini neno lile lilinikaa. Saa nane mchana, wodi ikisinzia baada ya chakula, nilimfungua bibi, nikakaa dirishani nikajifanya nashona.

Alikaa kwanza kitako kwa muda, akivuta pumzi. Kisha akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja, akangoja, akateremsha wa pili. Alilivuta shuka akalinyoosha. Akaupiga mto mara mbili, akaliweka blanketi sawa hadi pale ambapo mabega ya mtu yangekuwa. Mrija wa dripu ulipomzuia aliuchomoa bila hasira, kama mtu anayeondoa mwiba wa mwenzake. Akatandika kitenge chake kwenye sementi, akajilaza kwa ubavu, akanyoosha mkono juu akapapasa godoro lile tupu, akauacha pale. Akalala usingizi mzuri kuliko siku zote nilizomfunga.

Nilijua ninachokitazama. Bibi hakuwahi kuanguka hata mara moja. Zamani alimwuguza mama mkwe wake mahali kama hapa, labda hapa hapa, na homa ilikuwa imemrudisha kazini. Nilijua pia kwamba ilinipasa kusikia kitu, aibu au huruma, nikangoja nikiwa na sindano mkononi. Hakikuja. Nikaenda kwa mkuu wa wodi.

"Haanguki," nikasema. "Anashuka. Anajiona yeye ndiye murwaza."

"Kisha?"

"Basi tusimufunge."

"Na dripu inashukaka naye?" Alikuwa anajaza karatasi, hakuinua kichwa. "Ule sementi ni baridi, na ye ni mapafu. Aanguke, ashuke, akilala kule atakufa. Muletee murwaza, nitakuambia umufungue."

Alisema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Mvivu wetu alikuwa karibu anahesabu vidonge. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Pahali pa murwaza pakikuwa na muntu, hatashuka. Atashuka kufanya nini?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Nilimwomba yule dada wa Nyakarenzo autandike mkeka wake kati ya vitanda viwili badala ya upande wa ukuta, awe wa cha tisa na wa cha nane pia. Akakubali kabla sijamaliza kusema. Alipojilaza mchana ule, bibi aliinama kutoka kitandani akamtazama vizuri, usoni mpaka miguuni.

"Umeisha kufika?" akamwuliza. "Umuchunge muzuri. Hapendaka baridi."

Kisha akajigeuzia ukutani akalala. Alilala kitandani. Siku nne mfululizo tulimkuta kitandani, dripu ikiwa mahali pake, na vitambaa vyake vilikaa mfukoni mwa koti langu. Homa ilianza kushuka. Alikula ugali. Mvivu alipita akatazama, na mimi kwa mara ya kwanza sikumwita jina lile.

Siku ya tano mgonjwa wa kitanda cha tisa alipona. Tulimfurahia, tukampa dawa za kwenda nazo, na dada yake akakunja mkeka akaubeba kichwani, akatuaga mmoja mmoja kwa makelele yake. Siku hiyo hiyo mapigano ya ng'ambo yalikuwa yamesogea karibu, na mchana majeruhi, hao peke yao, wakaruhusiwa kuvushwa wakiwa wamelowa damu. Walilazwa hadi kibarazani. Tulitembea tukivuka miguu ya watu.

Ningeweza kumwomba murwaza wa kitanda cha saba. Ningeweza kukunja blanketi nikalitandika chini kwa umbo la mtu aliyelala, maana macho ya bibi hayakuwa makali. Ningeweza kujilaza pale mwenyewe kila siku saa ya kupumzika mpaka asinzie. Nimefikiria njia kumi tangu wakati ule, na hakuna hata moja iliyo ngumu. Siku ile nilitia mkono mfukoni nikakuta vitambaa.

"Munanifunga miye, na mugonjwa nani atamuangalia?" akaniuliza.

Mara ya kwanza nilimfunga nikidhani anaanguka. Sasa nilimfunga nikijua. Mikono yangu haikuona tofauti yoyote, fundo lilitoka zuri vilevile. Nilimfunga siku tisa. Aliacha kula vizuri siku ya nne au ya tano, na ngozi ya kifundo cha mkono ikaanza kuwa nyekundu ingawa vidole viwili bado vilipita. Nilimpaka mafuta ya mgando. Mkuu wa wodi aliniambia ninamtunza vizuri, na daktari alipopita asubuhi alitazama vitambaa akasema yuko salama.

Binti yake alifika siku ya kumi, mapigano yalipotulia na daraja likafunguliwa kwa saa chache. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amefunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, kama wafanyavyo wanaovuka mpaka na bidhaa, na mkononi ana mfuko wa mikate. Alitembea kati ya vitanda akitazama nyuso. Alipofika cha nane alisimama. Mama yake alikuwa amelala chali, mikono imefungwa pande mbili, mdomo wazi. Hakuwa amekufa, alikuwa amesinzia tu.

"Nani alimufunga?" akauliza.

"Mimi."

Nilijiandaa kutukanwa. Nasema kweli, nilikuwa nangoja matusi kwa hamu, kama mtu mwenye njaa. Nilifikiri labda akinitukana nitasikia kitu.

Akaweka mikate chini, akanishika mikono yangu yote miwili.

"Aksanti, Maman," akasema. "Aksanti sana. Hana muntu hapa. Kama hamukumufunga angeisha kuanguka, angeisha kufa. Minapita kila siku ku barière ya mupaka kulia, banasema hakuna njia, na weye ulikuwa unamuchunga."

Alilia, akajipangusa, akaniambia mipango yake. Angemchukua siku hiyo hiyo, kabla daraja halijafungwa, ampeleke kwake. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, ngazi za udongo mlangoni. Aliishi peke yake. Asubuhi anatoka kwenda sokoni, jioni anarudi, na mchana kutwa mama angebaki ndani na mlango umefungwa. Majirani ni watu wazuri, wapo, wangeweza kumpa uji. Kilichomtia hofu ni mama kuanguka.

"Nionyeshe vile unafungaka," akasema. "Mikono yake haina alama mubaya. Nikimufunga miye nitamuumiza."

Neno lilikuwa mdomoni. Haanguki, anashuka. Tandika mkeka chini, mwombe jirani mmoja ajilaze hapo saa ya mchana, mama yako atageukia ukutani na kulala, hutahitaji kitambaa maisha yake yote. Nilikuwa na maneno hayo yote, tena kwa Kiswahili chake. Lakini nikimwambia hivyo angeniuliza nimejua tangu lini. Ingenibidi nijibu. Na bado alikuwa ameishika mikono yangu, na hakuna mtu aliyekuwa amenishukuru kwa muda mrefu sana.

Nikavifungua vitambaa ili aanze mwenyewe tangu mwanzo. Nikamwonyesha: unazungusha mara mbili, unapitisha ncha chini, unaivuta kuelekea kwako, kisha unaingiza vidole viwili kupima. Alikuwa na mikono ya kazi, miepesi kujifunza, imezoea kufunga magunia. Mara ya kwanza ilimlegea. Mara ya pili ilikaa. Mvivu alikuwa amesimama mlangoni na trei yake, akanitazama mimi, si yule binti. Aliitua trei dirishani akatoka nje.

Bibi alikuwa ameamka. Alimtambua binti yake, nina hakika, kwa sababu alimwita kwa jina la utotoni na kumwuliza kama amekula. Kisha akautazama mkono wake uliokuwa unafungwa, akauliza kwa adabu yake ile ile:

"Munanifunga miye, na mugonjwa nani atamuangalia?"

Binti aliacha kuvuta. Alinitazama.

"Mugonjwa gani?" akaniuliza. "Anasema nini?"

"Anaropoka tu," nikamwambia. "Vuta kidogo hapo. Usikaze."